Siku tatu za Venice zinamhusu nini msusi wa mkeka wa Mbwara?

Aprili 2024 Tanzania ilikuwa na banda lake kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice, Italia, yanayoitwa Biennale. Maonyesho hayo yalianza mwaka 1895, na kila nchi inayoshiriki huwa na banda lake, kama tulivyozoea Sabasaba. Lute Mwakisopile na Haji Chilonga ni miongoni mwa wasanii waliotuwakilisha.

Wananchi wa kawaida walianza kuingia tarehe 20 Aprili. Lakini kuanzia tarehe 17 hadi 19, milango ilifunguliwa kwa wageni maalumu tu: waandishi wa habari, wakuu wa makumbusho, wenye nyumba za kuuzia sanaa na wanunuzi wakubwa.

Kwa nini siku hizo tatu ni muhimu? Mvuvi wa delta anajua kwamba mwenye kuwahi mtumbwi ukitia nanga ndiye anayechagua kamba wazuri. Venice ni vivyo hivyo. Biennale yenyewe haina ofisi ya mauzo, lakini katika siku hizo ndipo mazungumzo hufanyika na majina huanza kuandikwa magazetini. Jina likishavuma, bei hupanda.

Uganda ililiona hilo mwaka 2022, nayo ikiwa na banda kwa mara ya kwanza. Msanii wake mmoja, Acaye Kerunen, hutumia matete, majani ya jamii ya mitende na nyuzi za migomba, akishirikiana na wanawake wasusi wa Uganda. Siku ya ufunguzi kwa umma, 23 Aprili, majaji waliitaja Uganda kwa heshima ya pekee.

Kumbe ususi ni sanaa hata mbele ya majaji wa dunia. Ukindu na miyaa tunavyo huku Rufiji na Kibiti, na wapo kina mama wanaojua kutia rangi, kusuka ukili na kuushona ukawa mkeka.

Hata hivyo, kuwa na banda peke yake hakutoshi. Mwaka 2015 wasanii wa Kenya walilalamika kwamba wengi waliopangwa kwenye banda la nchi yao walikuwa Wachina na Waitaliano. Serikali ya Kenya ikajitenga na banda hilo.

Banda la taifa husimama kwa idhini ya serikali, kwa hiyo mwananchi ana haki ya kuuliza: nani anachaguliwa, na kwa utaratibu gani? Swali hilo linaweza kuanzia kwa afisa utamaduni wa halmashauri.

Nawe msusi, kabla mkeka haujatoka mikononi mwako, upige picha kwa simu, andika jina lako na tarehe, na mpatane bei. Mkeka usio na jina humpa sifa aliyeununua, si aliyeusuka.