Saratani Inayofuata Ukoo

Tuseme wewe ni mkazi wa Tukuyu. Babu alifariki kwa maradhi ya tumbo, akafuata baba, na sasa kaka yako, angali na umri wa miaka 40, aona damu katika choo kikubwa. Jamaa wakikutana migombani, hawakosi wa kunong'ona habari za ulozi. Sisi twakuomba uhesabu kwanza: ni nani katika ukoo aliyeugua, na kwa umri gani? Hesabu hiyo daktari ataihitaji.

Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda tangu 1946 hadi 1966, alifundisha kwamba vyakula vyenye makapi mengi huukinga utumbo mpana na saratani. Ndizi na maharage ya Rungwe ni chakula chema, lakini hayaufuti urithi. Mzazi akiwa na kasoro hiyo, kila mtoto wake, wa kiume au wa kike, yumo katika hatari ya nusu kwa nusu kuirithi.

Aina mbili ndizo mashuhuri. Katika ya kwanza, vinyama mamia huota utumboni tangu ujanani, na visiposhughulikiwa karibu kila mgonjwa hupata saratani. Hapa utumbo mpana wote huondolewa. Puru ikiachwa, sharti ichunguzwe maisha yote. Ikitolewa, daktari hushona kifuko kwa utumbo mwembamba, ufundi uliotangazwa Uingereza mwaka 1978, au hufungua njia tumboni na mgonjwa huvaa mfuko.

Katika aina ya pili vinyama ni vichache, ila saratani huwahi, na wanawake huweza kupata pia ya kizazi. Daktari aweza kukata sehemu yenye ugonjwa tu. Choo hakibadiliki sana, lakini saratani nyingine yaweza kuzuka katika utumbo uliobaki. Akikata karibu wote, hatari hupungua, safari za chooni huongezeka. Kijana mwenye miaka mingi mbele yake na mzee dhaifu hawatachagua sawa. Kwa hiyo uliza kabla ya kisu, wala si baada yake.

Basi mpeleke kaka hospitali ya wilaya, naye atapelekwa Rufaa Mbeya ikibidi. Nanyi ndugu zake, msingoje damu; ombeni kuchunguzwa utumbo kwa mrija wenye taa. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.