Tuanze na daftari la majina

Moto ulipoteketeza bweni la wavulana katika shule ya Hillside Endarasha, Kaunti ya Nyeri, usiku wa Septemba 5, 2024, watoto 21 walipoteza maisha. Mjadala uliofuata ulihusu bweni lenyewe: lilijengwa kwa vifaa gani, lilibeba watoto wangapi, nani alilikagua. Yote hayo yalistahili kuulizwa. Lakini kesho yake kulitokea jambo jingine ambalo limezungumzwa kidogo mno. Serikali ilitangaza kwamba watoto 70 hawakuwa wamejulikana waliko. Baadaye ikabainika kuwa wengi wao walikuwa hai: walichukuliwa gizani na wazazi waliofika mbio au walihifadhiwa na wenyeji, na haikuwapo orodha ya kuonyesha nani ameondoka na nani. Hesabu ilishuka polepole, na muda wote huo kulikuwa na wazazi wasiojua wamtafute mtoto hospitalini, mochari au nyumbani kwa mtu. Sehemu hiyo ya uchungu ingeweza kuzuiwa kwa kalamu na daftari, mkononi mwa mtu aliyefunzwa mapema kuvitumia.

Nalitaja janga hilo nikiwaza miji ya Thika na Ruiru, kwa sababu mpangilio wa maisha yake unawaweka watoto mbali na wazazi kwa saa nyingi za mchana. Sensa ya 2019 iliipa Ruiru karibu watu 490,000 na Thika zaidi ya 250,000. Alfajiri wazazi huondoka kwenda viwandani Thika, mashambani, kwenye mijengo, au hupanda matatu kwenda Nairobi. Watoto wadogo hubaki kwenye chekechea na vituo vya kulelea watoto mchana, vingi vikiwa chumba kimoja cha mabati Kiandutu au nyumba ya kupanga kwenye ghorofa Kimbo, Kihunguro au Githurai 45. Likitokea jambo saa nne asubuhi, mtu aliye na watoto ni mlezi mmoja, pengine na msaidizi, na jirani wa ploti. Ninachodai ni kwamba mafunzo ya dharura ya miji hii yaandikwe kwa ajili ya mlezi huyo kabla ya mtu mwingine yeyote, na yaanze na kazi mbili: kuwahesabu watoto, na kujua kila mmoja anakabidhiwa nani.

Wajibu wa kuyaandaa uko wazi kisheria. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti huduma za zimamoto na udhibiti wa majanga. Jedwali hilohilo linazipa kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kulea watoto. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya Serikali Kuu, na mgawanyo huo mara nyingi hutumika kama kisingizio cha kila upande kuutazama mwingine. Kwa mtoto wa miaka mitatu hakuna kisingizio: anayesimamia gari la kuzima moto ndiye anayesimamia pia mahali mtoto anapolala mchana. Kaunti ya Kiambu, iliko miji hii, haihitaji sheria mpya ili idara hizo mbili ziketi pamoja na kuandika kijitabu kimoja.

Kuna watakaosema kijitabu kipo tayari. Ni kweli kwamba mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni, na ni mwongozo mzuri. Unataka madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje na isifungwe kwa kufuli wanafunzi wakiwa ndani, na vitanda viachane kwa mita 1.2. Masharti hayo yalitokana na maafa ya kweli, yakiwamo ya Bombolulu mwaka 1998 na Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, ambako wavulana 67 waliteketea. Hata hivyo Moi Girls Nairobi iliungua mwaka 2017, Endarasha ikaungua mwaka 2024, na ukaguzi uliofuata ukailazimu wizara kufunga sehemu za malazi katika shule 348 za msingi. Mwongozo umekuwapo miaka yote hiyo. Tatizo ni kwamba uliandikwa kwa Kiingereza, kwa mwalimu mkuu na mkaguzi, watu wanaosoma kanuni ofisini. Matroni anayekaa na funguo usiku na mama anayelea watoto kumi na watano kwenye chumba kimoja hawakuwa wasomaji waliokusudiwa. Tena unaeleza jengo liweje kuliko unavyoeleza mtu afanye nini dakika ya kwanza, ya tano na ya thelathini.

Ubora wa karatasi ya mafunzo si jambo dogo, na Japani imelithibitisha mahakamani. Machi 11, 2011, baada ya tetemeko kubwa la ardhi, watoto wa shule ya msingi ya Okawa, mjini Ishinomaki, waliwekwa uwanjani kwa takriban dakika 50 huku walimu wakishauriana waende wapi. Kilima kilikuwa nyuma ya shule. Tsunami ilipofika iliua wanafunzi 74 na walimu 10. Mwongozo wa shule ulikuwa umeandika kwamba, ikibidi, watoto wapelekwe kwenye uwanja mtupu au bustani iliyo karibu, bila kutaja hasa ni wapi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Sendai iliamua kwamba uongozi wa shule na wa elimu ulikosea kabla ya siku ya janga, kwa kutouandaa mwongozo huo ipasavyo, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaiacha hukumu hiyo isimame. Mstari mmoja ulioandikwa kwa ujumla ulitosha kuwaacha walimu bila jibu wakati ambapo hawakuwa na nafasi ya kutafuta jibu.

Kwa hiyo kijitabu cha Thika hakiwezi kuwa nakala ya kile cha Mombasa, wala ukurasa wa Kiandutu hauwezi kuwa ukurasa wa Membley. Kiandutu nyumba za mabati zimegusana kuta, vichochoro ni vyembamba kwa gari la zimamoto, na moto unaoanzia kwenye jiko la jirani hufika kabla ya msaada. Ruiru hatari iko kwenye ghorofa: ngazi moja, mitungi ya gesi, na madirisha yaliyotiwa vyuma kwa kuogopa wezi. Kando ya mito ya Ruiru, Ndarugo, Chania na Thika, hatari huja na mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba. Halafu kuna machimbo ya mawe ya ujenzi yaliyoachwa wazi, ambayo hubaki yamejaa maji mvua zinapokwisha na kuwavuta watoto kuogelea. Hayo hayatajwi kabisa katika mafunzo yanayoanza na kuishia kwenye kizima moto. Kila kituo kijaze ukurasa wake: tukitoka tunakimbilia uwanja huu wa kanisa, na ukiwa haufikiki, shule ile. Majina halisi ya mahali, kwa Kiswahili na Kikuyu, pamoja na michoro kwa asiyesoma kwa wepesi. Na watoto wasiotembea wafikiriwe waziwazi. Mlezi mmoja hawezi kubeba wachanga sita kwa safari moja, basi kijitabu kitaje majirani wawili waliokubali mapema kuja, na mafunzo yawahusu hao pia. Mtoto kiziwi hatasikia filimbi. Awe na mtu wake anayejulikana kwa jina.

Baada ya hapo ndipo inapokuja sehemu ambayo mafunzo mengi huisha bila kuigusa. Watoto wametoka, wamehesabiwa, wamekaa uwanjani. Sasa nani anawachukua? Barabara ya Thika ikizibwa, mzazi aliyeko Nairobi hafiki kwa saa nyingi. Hilo limetokea bila moto wala mafuriko: Julai 7, 2025, polisi walipofunga barabara kuu za kuingia Nairobi, hii ikiwa mojawapo, watu wengi walikwama. Wakati kama huo anajitokeza mjomba, mwenye bodaboda anayesema ametumwa, mama mwenye huruma anayetaka kumchukua mtoto nyumbani kwake. Wengi wao ni watu wema. Lakini mtoto aliyetenganishwa na wazazi wake wakati wa vurugu ndiye rahisi kuibwa au kudhulumiwa, na mtu mbaya hahitaji zaidi ya uwanja usio na msimamizi. Baada ya Kimbunga Katrina nchini Marekani mwaka 2005, watoto zaidi ya 5,000 waliripotiwa kupotezana na familia zao, na ilichukua zaidi ya miezi sita hadi wa mwisho kurudishwa. Hiyo ni nchi tajiri, yenye kompyuta na polisi wa kutosha. Walichokosa wengi wa watoto hao ni kumbukumbu iliyoandikwa mapema ya jina, mzazi na mahali walipopelekwa.

Ndiyo maana daftari lina uzito kuliko kifaa kingine chochote. Liwe na jina kamili la mtoto, majina ya watu wawili au watatu walioruhusiwa kumchukua, namba zao za simu, na maradhi au dawa ikiwa anazo. Likae karibu na mlango, litoke pamoja na watoto. Kila anayeondoka na mtoto atie sahihi au dole gumba na saa iandikwe. Asiyekuwa kwenye orodha, hata akiwa anajulikana mtaani, asubiri mzazi athibitishe kwa simu. Na giza likiingia mtoto akiwa bado hajachukuliwa, mlezi ajue hatua inayofuata bila kubahatisha: chifu, kituo cha polisi, afisa wa watoto wa kaunti ndogo, na namba 116 ya kusaidia watoto, ambayo haitozwi pesa. Sheria ya Watoto ya 2022 na Kifungu cha 53 cha Katiba zinataka maslahi ya mtoto yatangulie. Kwa mlezi aliyesimama uwanjani, maana ya maneno hayo ni hatua hizi.

Kuna hofu halali kuhusu daftari lenyewe. Orodha ya watoto, wazazi na simu zao ikiingia mikono mibaya inaweza kuleta madhara yaleyale tunayoyakimbia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumika, na kijitabu kinapaswa kumfunza mlezi hivyo: aombe idhini, aandike kwenye karatasi, asipige picha ukurasa na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, alifungie daftari kabatini jioni. Hofu hiyo inatufundisha namna ya kulitunza. Haitupi sababu ya kulikosa.

Wengine watasema kuwafunza walezi wa vituo visivyosajiliwa ni kuvibariki. Nauelewa msimamo huo, kwa sababu vituo vibaya vipo na vingine havifai kuwa na mtoto hata mmoja. Lakini watoto wamo humo leo, na mzazi anayelipwa kwa siku hana kituo kingine anachoweza kukilipia. Ukikataa kumfunza mlezi kwa kuwa hana cheti, anayeadhibiwa ni mtoto. Isitoshe, afisa anayefika kwa mafunzo anakubaliwa kuingia mahali ambapo afisa anayefika kwa faini hufungiwa mlango, na akishaingia ataiona ngazi iliyozibwa na mtungi wa gesi ulio karibu na magodoro. Mafunzo yaende sambamba na usajili, na kituo kinachogoma kurekebisha hatari ya wazi baada ya kufunzwa kifungwe.

Kwamba mazoezi yatawatisha watoto ni pingamizi ninaloliona dhaifu. Kamaishi, mji mwingine uliopigwa na tsunami ileile ya 2011, watoto wa shule walikuwa wamefanya mazoezi kwa miaka kadhaa. Karibu watoto 3,000 walinusurika, na wakubwa waliwashika mkono wadogo wakipanda mlimani. Mtoto wa chekechea anaweza kufundishwa kutoka kwa mstari huku akiimba, na akaliona zoezi kama mchezo. Wakati huo mlezi anapima: wametoka wote kwa dakika ngapi, nani alibaki nyuma, mlango gani ulikwama. Hapo pia ndipo kijitabu kinapojaribiwa. Waandishi wake wakiwakabidhi walezi kumi wa Makongeni na kumi wa Githurai rasimu, kisha wakanyamaza na kutazama wanavyoitumia, watagundua kurasa zisizoeleweka kabla ya kuchapisha maelfu ya nakala. Semina ya siku moja hotelini, yenye chakula na hotuba, haiwezi kuwaonyesha hayo.

Pesa ni pingamizi zito zaidi. Uchapishaji si ghali. Ghali ni saa za wakufunzi na kurudi kituoni kila muhula, maana walezi hubadilika na watoto huhama. Wahudumu wa afya ya jamii, waliozinduliwa upya nchini kote mwaka 2023, tayari huingia nyumba kwa nyumba na wanajua vituo ambavyo havimo kwenye rejista yoyote. Wao ndio wenye nafasi bora ya kufunza. Lakini wamebebeshwa mengi kwa posho ndogo, na kuwaongezea kazi hii bila kuwaongezea malipo kutaiua kazi yenyewe. Kaunti iitengee fungu lake katika bajeti, na bodi za manispaa za Thika na Ruiru ziulize kila mwaka vituo vingapi vimefanya zoezi, na si nakala ngapi zimegawiwa.

Wakiambiwa haya, wapo watakaojibu kwamba ajali haina kinga. Huenda moto wenyewe hauna kinga kamili. Mtoto aliyeokolewa kisha asijulikane aliko anayo kinga, na gharama yake tunaimudu. Bunge la Kaunti ya Kiambu lina uwezo wa kuziagiza idara ya majanga na ile ya chekechea zitoe rasimu ya pamoja kabla ya mvua zijazo za Machi. Nawe mzazi wa Thika au Ruiru, usingoje kaunti. Kesho unapomwacha mtoto, muulize mlezi mambo mawili: mkitoka kwa ghafla mnakimbilia wapi, na ni nani mwingine zaidi yangu anayeruhusiwa kumchukua. Akikosa jibu, kaeni mlipate pamoja kabla hujaondoka.