Gari ya Zamani Si Mbovu, Tunaiua na Msasa

Wasee, hebu tuongee ukweli. 504 ya buda ilikuwa inagoma kila mvua ikinyesha. Kila mara fundi anafungua distributa, anapiga kontakti msasa, anachukua pesa, anaenda. Wiki mbili baadaye, tuko palepale tunasukuma.

Hesabu ni rahisi. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kontakti zinafunguka mara 6,000. Lazima ziishe. Mwanya unapungua, moto unachelewa, gari inakosa nguvu. Msasa hauwezi kurudisha chuma kilichokwisha.

Maoni yangu: toa kontakti, weka moduli ya elektroniki ndani ya distributa ileile. Hapo hakuna kinachosuguana. Lakini usiishie hapo. Kofia ikiwa na ufa, unyevu utaingia na moto utapotea njiani, moduli au hakuna moduli. Badilisha kofia na rota pamoja.

Na zile kontakti na kondensa yake usitupe. Moduli hufa bila kukuambia. Ikikufia Salgaa saa sita usiku, utajua kwa nini nilikuambia uziweke kwa dashibodi.

Wenye bado mnapiga msasa, nitetewe hiyo kitu hapo chini.