Nani Aanze Kuomba Radhi?

Wiki iliyopita wanafunzi wangu wawili hapa Ndera walipigana wakigombea kiti. Mkubwa alimwangusha mdogo. Nami, kwa haraka ya kurejea kwenye ngeli za nomino, niliwaamuru wote wawili wapeane mikono mbele ya darasa. Wakapeana. Hadi kengele ya mwisho yule mdogo hakuinua uso.

Jioni niliwakumbuka nyani. Msomaji asinicheke: nyani tunao, Akagera wamejaa, na wanafunzi wetu wakiizuru hifadhi ile huwaona wakitoana chawa kandokando ya barabara. Ila waliochunguzwa sana katika jambo hili ni binamu zao wa delta ya Okavango, nchini Botswana, ambako Dorothy Cheney na Robert Seyfarth waliishi miaka mingi wakiwasikiliza. Waligundua kwamba jike mwenye cheo, akishamtisha au kumpiga aliye chini yake, mara nyingine humsogelea baada ya muda mfupi akaguna kwa sauti ya chini. Ni mguno tu. Lakini aliyepigwa hutulia, na huthubutu tena kumkaribia mbabe wake. Hata mguno huo ulipochezwa kwa kipaza sauti, mpigaji mwenyewe akiwa kimya, hofu ilipungua. La ajabu zaidi, mguno wa ndugu wa karibu wa mgomvi nao ulifaa.

Sidai kwamba nyani ana maadili. Dume la jamii hiyo hiyo huua watoto wachanga. Wala sizungumzii hapa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi. Jinai ile ilipangwa na wanadamu, na haipimwi kwa kipimo cha mnyama. Nazungumzia ugomvi mdogo: wa kiti, wa mpaka wa shamba, wa mbuzi aliyekula maharage ya jirani.

Katika ugomvi huo tuna desturi mbaya ya kumtaka mnyonge aanze. Mtumishi wa nyumbani amwombe radhi mwajiri, mtoto amwombe radhi mkubwa, hata kama waliokosewa ni wao. Au twawalazimisha wote kwa pamoja, kama nilivyofanya, kosa likagawanywa nusu kwa nusu. Mimi naona wa kuanza ni aliyepiga, kwa kuwa hofu imekaa kwa mwenziwe, na aliyeitia ndiye awezaye kuitoa. Ulimi ukimwia mzito, ndugu yake amsaidie. Abunzi wetu waijua kazi hii ya kusimama katikati. Jina lao lenyewe latokana na kitenzi cha Kinyarwanda kilicho ndugu wa “kuunga” chetu.

Jumatatu nilimwita yule mkubwa peke yake. Sikumwamuru lolote. Nilimwuliza mwenzake anaogopa nini. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Ananiogopa mimi, mwalimu.”

Kipindi kilichofuata nilimkuta amemsogezea kile kiti.