Kutetemeka kwa wazee wetu: Tusiwaachie majini wala wakaza wana

 Ijumaa ya leo tunapenda kuzungumzia maradhi ambayo yamo katika nyumba zetu hapa Pasua na katika vitongoji vingine vya Moshi, hali ya kuwa wengi wetu hatuyajui hata kwa jina.

Mzee huanza kutetemeka mkono mmoja akiwa amekaa kimya. Kisha hatua zake zinakuwa fupi, viungo vinakakamaa, sauti inafifia, na uso unakosa tabasamu hata wajukuu wakadhani babu amenuna. Jirani mmoja atasema ni uzee. Mwingine atasema amepandwa na jini, na wa tatu atamtaja kwa kunong'ona mtu aliyemroga. Madaktari wanayaita maradhi ya Parkinson, kwa jina la James Parkinson, tabibu wa London aliyeyaandika mwaka 1817. Ndani ya ubongo zimo chembe zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuuamrisha mwili utembee, ushike na ugeuke. Chembe hizo zinapokufa kidogo kidogo, amri nazo zinachelewa. Wala maradhi haya hayaambukizi, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtengea mzee kikombe chake.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Watafiti walipozunguka katika wilaya ya jirani yetu, Hai, yenye watu 161,071 wakati huo, waliwakuta wagonjwa 33, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2008. Wengi katika hao hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari yeyote wanaumwa nini, wala kupata dawa. Utafiti mwingine wa Hai, uliochapishwa mwaka 2011, ulionesha kuwa wenyeji wana jina lao: ugonjwa wa kutetemeka. Jina lipo, basi. Kilichokosekana ni kumpeleka mwenye nalo hospitali.

Tunaomba tueleweke vizuri. Kumsomea mgonjwa Qur'ani na kumwombea dua ni katika dini yetu, na hatumzuii mtu. Lakini Mtume (SAW) alipoulizwa na mabedui iwapo wajitibu, aliwaamuru wajitibu. Anayemzungusha mzazi wake kwa waganga mwaka mzima, akauza mbuzi na kiwanja, kisha akamfikisha hospitali amekwisha kuwa wa kubebwa, huyo hakumsomea mzee wake, amemchelewesha. Na hao wanaotafuta mchawi wa kila mtetemeko watuambie ni nani aliyemroga bondia Muhammad Ali, Mwislamu aliyeijua dunia nzima, na ambaye hata Dar es Salaam alifika mwaka 1980. Aligunduliwa kuwa na maradhi haya mwaka 1984. Mwaka 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta mkono ukimtetemeka mbele ya walimwengu, na akaishi hadi mwaka 2016.

Dawa kubwa ya maradhi haya inaitwa levodopa. Haiponyi, ila inamrudishia mgonjwa sehemu ya dopamini aliyoipoteza, naye akaweza kufunga vifungo vya kanzu yake mwenyewe. Katika maajabu ya Mola, levodopa imo pia ndani ya mbegu za upupu, upupu huu huu unaowasha. Asije mtu akatwanga mbegu hizo na kumnywesha mzee, maana kipimo chake hakipimiki jikoni. Dawa ya hospitali inatakiwa kwa saa zake, na madaktari wengi hushauri imezwe kama nusu saa kabla ya kula, kwa kuwa nyama na maharage mengi huizuia isifyonzwe vizuri.

Hata hivyo kidonge peke yake hakitoshi, na hapa ndipo tunapotaka familia zetu zisimame. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio jingine lililofanyika huku huku kaskazini mwa Tanzania, ambapo wagonjwa ambao hawajapata dawa walifuatwa majumbani na kufundishwa kutembea kwa kufuata ishara, na mwendo wao ukawa bora. Siri yake ni kwamba ubongo ambao umeshindwa kuanzisha hatua kutoka ndani unaweza kuianzisha kwa kitu cha nje. Mzee akiganda mlangoni, miguu kama imegundishwa sakafuni, msimvute mkono; ataanguka. Mhesabieni moja, mbili, moja, mbili, kwa sauti iliyo sawa. Au chora mistari ya chaki sakafuni, mwambie auvuke mmoja baada ya mwingine. Gharama ya chaki kila mtu anaijua.

KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, ina wataalamu wa mazoezi ya viungo, na pia wataalamu wanaomfundisha mgonjwa namna ya kula, kuvaa na kuoga mwenyewe. Tunashauri mzee apandishwe kule akiwa bado anatembea, na aende na mtu atakayeyashika mazoezi hayo na kuyarudia naye nyumbani kila siku. Sauti nayo hufanyiwa mazoezi. Mgonjwa hufundishwa kusema kwa nguvu kuliko anavyodhani inatosha. Basi mwacheni asome juzuu yake kwa sauti, msimwambie anawapigia kelele.

Nyumbani, ondoeni mikeka iliyokunjamana njiani na acheni taa ya usiku. Chooni pigilieni mti imara wa kushika, kwani choo cha kuchuchumaa kimewaangusha wengi. Wakati wa kula akae wima, alishwe taratibu, chakula kiwe laini, na anayekohoa kila akimeza aonwe na daktari kabla chakula hakijamwingia mapafuni. Apewe maji na matunda, kwa sababu tumbo lake hufunga sana. Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe, asije akapata vidonda.

Nani atayafanya haya yote? Katika nyumba nyingi tunazozijua jibu ni moja: mke wa mtoto. Mtoto wa kiume yupo Dar es Salaam au Arusha, anatuma fedha kwa simu, na anahesabu kwamba wema kwa wazazi ulioamrishwa katika Suratul Israa ameutimiza. Mkaza mwana anapika, anafua, anamwinua mzee usiku, na anaambiwa amwogeshe. Tunauliza, ni sheria gani iliyomlazimisha? Utupu wa mkwe wake si halali kwake kuutazama pasipo dharura, na pale penye watoto wa kiume wazima dharura hiyo inatoka wapi? Kumwogesha baba ni kazi ya wanawe, na wapangiane zamu. Asiyeweza kuja amlipe muuguzi wa kiume, naye huyo mwanamke apewe siku za kupumzika, maana mgongo wake nao ni amana.

Kuhusu ibada, wapo wazee walioacha kwenda msikitini kwa kuona haya. Imran bin Husayn (RA) alipougua, Mtume (SAW) alimfundisha aswali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Kwa hiyo maimamu waweke viti, na atakayesujudu kwa ishara ainamishe kichwa zaidi kuliko katika rukuu. Kumsaidia kutawadha hakuharibu udhu wake. Ama kuchanganya Adhuhuri na Alasiri kwa sababu ya ugonjwa, qauli iliyo mashuhuri katika madhehebu yetu ya Shafi inakataza, lakini Imam Ahmad ameruhusu na Imam Nawawi akaiona hoja ya ruhusa kuwa na nguvu. Sisi tunaona mgonjwa ambaye kutawadha kunamchukua nusu saa aichukue ruhusa hiyo.

Na katika Ramadhani, mwenye kumeza levodopa mara tatu au zaidi kwa siku asiiache ili afunge. Kuikata ghafla kunaweza kuleta kukakamaa kukali na homa, hata mauti. Amuulize daktari wake kabla ya mwezi kuandama. Akikatazwa, na maradhi yakiwa hayatarajiwi kupona, atoe kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku.