Reli Iandikwe Kutoka Stesheni

Makala nyingi tulizoletewa kwa toleo hili la China na Tanzania zinaanzia pale pale: Mwalimu Nyerere Beijing mwaka 1965, Zhou Enlai Dar es Salaam mwaka huo huo, mkopo usio na riba, kisha reli ya kilomita 1,860 iliyokabidhiwa mwaka 1976. Yote ni kweli. Lakini nimechoshwa na historia ambamo wanaosema ni wakubwa peke yao.

Ndiyo maana nakitetea kitabu cha Jamie Monson kuhusu reli hiyo, TAZARA, kilichotoka mwaka 2009. Wapo wasomi wa uhusiano wa kimataifa wanaokiona kuwa ni habari za vijijini tu. Wanakosea. Monson aliwahoji wazee waliojenga reli, akapekua na stakabadhi za vifurushi: mzigo gani ulipakiwa stesheni gani, ukateremshwa wapi. Humo unauona mradi uliokusudiwa kuipatia shaba ya Zambia njia isiyopita kwa walowezi wa kusini ukigeuka riziki ya wakulima na wachuuzi wa Kilombero. Anayetaka kujua urafiki wa Beijing ulizaa nini, aanzie stesheni ya Mlimba.

Sisi wa Songea hatuhitaji kubembelezwa kuikubali njia hii. Monson mwenyewe aliandika kuhusu vita vya Maji Maji kabla ya kuigeukia reli. Na mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya simulizi za vita hivyo kwa wazee waliokuwa bado hai. Wangechelewa miaka ishirini, wangemuuliza nani? Vijana waliobeba mataruma mwaka 1970 leo wamepita miaka sabini.

Makala ya kiwanda cha Urafiki ina takwimu nzuri. Ile ya makaburi ya wataalamu wa Kichina Gongo la Mboto isomwe taratibu. Inayohusu chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma inauchambua vyema mkataba wa mwaka 2011 kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) na kampuni ya Kichina ya Sichuan Hongda, ila haina hata mwanakijiji mmoja wa Ludewa.

Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, itakayopita kwetu, ingali mpango. Basi tuanze sasa kuandika wanayoyasema wenye mashamba, na toleo lijalo nafasi ya kwanza ni ya atakayetuletea maneno yao, pamoja na majina ya vijiji na tarehe.