Fungeni Barabara, Msitufungie Nje

Nasema wazi, na mwenye kukasirika akasirike: barabara ya Mombo hadi Lushoto ifungwe. Siku moja kwa mwaka, toka alfajiri mpaka saa nne asubuhi. Pasipite basi, pasipite Fuso, pasipite bodaboda wala gari la mkubwa lenye vioo vyeusi. Baiskeli tupu! Kilomita kama 33 za kona juu ya kona, kutoka joto la Mombo hadi baridi ya Lushoto, na mtu anapanda kimo cha mita 1,000 hivi kwa nguvu za miguu yake mwenyewe.

Najua mtakavyonijibu, maana kijiweni nimeshajibiwa.

Wa kwanza anasema: kabichi zitaoza. Eti mkulima wa Soni na Lushoto anategemea lami hiyo hiyo kupeleka karoti, nyanya na viazi Tanga na Dar. Kweli kabisa. Lakini tusidanganyane, ndugu yangu. Barabara hii imeshazoea kufungwa. Masika yakiporomosha udongo, imefungwa. Lori likilala kwenye kona, imefungwa. Msafara wa kiongozi ukipita, sisi tunasimamishwa pembeni kama nguzo za simu, na siku hiyo hakuna anayeulizia kabichi. Kinachoozesha mboga ni kufungwa kwa ghafla. Tarehe ikitangazwa miezi mitatu kabla, mkulima atavuna mapema na magari yatashuka usiku. Na mgonjwa je? Gari la wagonjwa lipite saa yoyote, hata kama ni mbele ya mshindi akiwa hatua mbili kutoka kwenye utepe. Hilo si la mjadala.

Wa pili anasema: huo ni mchezo wa Wazungu. Acha wee! Mwaka 2024 Biniam Girmay, kijana wa Eritrea, alishinda hatua tatu za Tour de France na kurudi na jezi ya kijani. Huyo amelelewa Asmara, mji wa milimani kama huu wetu, tena ulioinuka kuliko Lushoto. Kama milima ingekuwa kikwazo cha baiskeli, Asmara isingetoa mtu. Sisi mlima tunao, vijana tunao, mapafu tunayo. Kinachokosekana ni ruhusa.

Wa tatu, huyu ndiye msomi wetu, anasema nchi ina matatizo makubwa kuliko baiskeli. Basi asikilize habari ya Cape Town. Mwaka 1977 waendesha baiskeli wa kule waliingia barabarani kudai watengewe njia zao. Yalikuwa madai, siyo starehe. Mwaka uliofuata madai hayo yakazaa mbio, na leo maelfu kwa maelfu ya watu wa kawaida wanazunguka zaidi ya kilomita 100 kwenye barabara iliyofungwa kwa ajili yao. Mbio zinaweza kuwa namna ya kudai. Na huku kwetu kuna la kudai. Mama mwenye tenga kichwani, mtoto wa shule, kijana anayesukuma baiskeli yenye gunia: hao ndio wanaorukia mtaroni honi ikilia. Asubuhi moja ya barabara tupu ingewaonyesha wakubwa ni watu wangapi wanaotembea bila injini.

Sasa hapa naomba tuelewane, maana kuna hatari, na hatari yenyewe haitoki kwenye kabichi.

Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Barabara zilifungwa wiki nzima, na shule za mjini zikafungwa pia. Mji haukufa. Lakini angalia picha ya mwisho ya mbio kuu za wanaume: Pogačar wa Slovenia, Evenepoel wa Ubelgiji, Healy wa Ireland. Jukwaa la Ulaya tupu. Wenyeji walijazana pembeni wakipiga makofi. Na mapema mwaka huo Bunge la Ulaya lilikuwa limetaka mashindano yafutwe Rwanda isipobadili mwenendo wake katika vita vya Kongo mashariki. Baiskeli inaweza kutumika kama poda ya kupaka usoni.

Usambara tunaijua mipango ya namna hiyo. Mjerumani alikuja, akauita mji Wilhelmstal. Mwingereza akaja na mradi wa Mlalo mwaka 1946, akawalazimisha wakulima kulima matuta aliyoyapanga yeye. Watu wakagoma, na mradi ukafa kabla ya uhuru. Kwa hiyo kesho akija bwana na mabango yake, baiskeli za mamilioni na kiingilio cha dola, akatuambia sisi tuuze ndizi pembeni na tupunge bendera, jibu liwe lile lile la Mlalo.

Masharti yetu ni haya. Pawe na kundi la baiskeli za kazi, zile Phoenix zenye keria, zisizo na gia, na mzigo nyuma. Wasichana wakimbie, tena zawadi iwe sawa. Kijana wa Soni, Bumbuli, Mtae na Mlalo asilipe hata senti. Goma wamelijengea chukudu sanamu, na chukudu ni kipando cha mbao cha kubebea viazi na mkaa! Wao wameona heshima ya mbeba mzigo. Sisi tunangoja nini?

Na ninyi waandishi wenzangu msicheke, neno lenu linakuja. Kila shairi linaloandikwa juu ya Lushoto lina ukungu. Ukungu umetanda, ukungu umeshuka, ukungu kama shuka. Hivi huko kwenye ukungu hamna watu? Abdallah bin Hemedi alituachia Habari za Wakilindi, kitabu cha Mbegha na watawala wa Vuga. Kizuri, tukisome. Lakini mbeba tenga wa Soni ataandikwa na nani? Mwandishi anayepanda mlima akiwa amelala kwenye kiti cha basi ataandika dirisha tu. Panda ile kona ya tatu kwa pedali, roho ikiwa mdomoni, ndipo utajua mlima una sentensi fupi.

Barabara ifungwe, na sisi tuwe ndani. Anayepinga achukue kalamu. Ila aje na sababu, asije na ukungu.